Mama, bahari si Kivu

Juzi mama mmoja jirani yangu hapa Ibanda, mjini Bukavu, alikuja kwangu na bahasha mkononi. Watoto wake walioko Ubelgiji wamemlipia safari ya wiki tano kwa meli ya utalii, kuvuka Atlantiki mpaka visiwa vya Karibi na kurudi. "Dokta," akaniambia (mimi ni muuguzi, lakini Bukavu kila aliyewahi kuvaa koti jeupe ni dokta), "mimi sina woga. Miaka yote hii napanda boti kwenda Goma na vitenge vyangu, sijatapika hata siku moja."

Nimefanya kazi kwenye zahanati za meli za namna hiyo kwa mikataba minne. Nikamwambia akae kwanza, tunywe chai.

Mawimbi ya Ziwa Kivu ni mafupi. Upepo unayachapa, yanagonga boti, unalowa, unashika benchi, basi. Bahari kuu ina mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali kabisa, na meli inapanda na kushuka juu yake taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Utaratibu huo ndio ubaya wenyewe. Mwendo wa kupanda na kushuka mara moja kila sekunde tano hivi ndio unaochafua tumbo kuliko mwingine wowote. Sikio la ndani linasema tunasogea, macho yanaona ukuta wa chumba umetulia, ubongo haujui umwamini nani, na tumbo ndilo linalolipa faini.

Meli kubwa zina mapezi chini ya maji, upande huu na upande ule, ya kupunguza kuyumba kushoto na kulia. Yanasaidia sana. Lakini omo, yaani mbele ya meli, ikiinuka na tezi, yaani nyuma, ikazama, mapezi hayo hayana la kufanya. Ndiyo maana nilimwambia mama awaombe watoto wamtafutie chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Chumba cha juu kabisa chenye roshani kina picha nzuri, lakini huko ndiko kunakobembea zaidi.

Mimi mwenyewe, usiku wa kwanza wa mkataba wa kwanza, nilikuwa mgonjwa wa kwanza wa zahanati yangu. Mabaharia wenzangu, Wafilipino, wakaniletea biskuti kavu na tofaa la kijani, huku wakicheka. Tofaa sikuliamini. Nikalila, likatulia. Tangu hapo nikajua la kuwaambia abiria: dawa imezwe kabla ya kichefuchefu, kwa sababu tumbo lililokwisha kuanza kutapika haliiweki. Usilale na simu usoni. Toka nje, kaza macho pale maji yanapokutana na mbingu. Usikae na njaa. Siku ya tatu wengi wanaamka na kuagiza mayai.

Kitu cha pili ni saa, na hicho watu hawakitarajii. Sisi tunajua kwamba Bukavu ikiwa saa nne, Kinshasa ni saa tatu. Basi meli ikielekea magharibi inavuka Kinshasa nyingi, moja baada ya nyingine: kila nyuzi 15 za longitudo, saa inarudishwa nyuma. Kwenda ni raha, usiku unaongezewa saa nzima. Kurudi mashariki unaibiwa saa hizo hizo, na hapo ndipo wazee walikuwa wakinijia alfajiri wakisema wana shinikizo la damu, kumbe ni usingizi tu. Mwenye dawa za kila siku aniulize mapema. Asisubiri mpaka azichanganye.

Kuhusu mikono, watu wa Goma na Bukavu tulisoma somo hilo wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ndoo na bomba kila mlangoni. Ila somo la meli lina tofauti moja. Virusi vya Ebola vinakufa kwa jeli ya alkoholi. Norovirusi, ile inayoharisha na kutapisha meli nzima, jeli inaichezea tu. Inaondoka kwa sabuni na maji. Nimewaona abiria wakipaka jeli kwa madaha mlangoni mwa ukumbi wa chakula, kisha wanashika kijiko kilichoshikwa na watu mia tatu.

Mama akauliza kama gile, yaani jaketi za kuokolea, zipo. Nikamwambia zipo, na kwamba siku ya kwanza ataonyeshwa mahali pa kukusanyika: honi saba fupi na moja ndefu, anaenda huko, harudi chumbani kuchukua pochi. Watu wanalalamika kwamba zoezi hilo linawakatia kinywaji. Costa Concordia ilipogonga mwamba pale Italia tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na abiria waliokuwa wamepanda jioni ile hawakuwa wamefanyishwa zoezi bado. Kanuni ikabadilishwa, sasa linafanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Hapa kwetu, baada ya Oktoba 2024 na mashua iliyozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, sikuhitaji kumweleza mama zaidi. Alinyamaza, akaweka kikombe chini.

Mengine ni madogo. Utapotea, kila mtu anapotea, makorido yanafanana kama mapacha. Milango ni mizito na meli ikiinama inajifunga yenyewe. Vidole nilivyovifunga bandeji ni vingi kuliko matumbo niliyoyatibu.

Na ukirudi, nchi kavu nayo itayumba. Niliposhuka kwenye mkataba wa kwanza, nilisimama jikoni kwa mama yangu nikashika ukuta, naye akakimbilia nje akiita watoto, akidhani ni tetemeko. Kwa kawaida hali hiyo inaisha ndani ya siku mbili. Ikipita mwezi, nenda kwa daktari wa masikio.