Vijana, intaneti na siasa: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Vijana ni hodari wa kelele mtandaoni, siku ya kura hawaonekani.

Mtandao hauwazuii watu kwenda kituoni. Ukitumiwa vizuri huwapeleka. Siku ya uchaguzi wa Bunge la Marekani mwaka 2010, watafiti walishirikiana na Facebook kuwaonyesha watu wapatao milioni 61 ujumbe wa kuwahimiza wapige kura. Walioonyeshwa ujumbe mtupu hawakutofautiana na wasioonyeshwa chochote. Walioona na picha za rafiki zao waliokwisha kupiga kura ndio waliojitokeza zaidi. Kwa makadirio ya watafiti hao, kura zilizoongezeka zilikuwa kama 340,000, na nyingi zilitokana na watu kuvutwa na marafiki wa karibu.

Kwa hiyo, video ya msanii yenye watazamaji lukuki inaweza kufanya kazi ndogo kuliko ujumbe wako kwa watu watano unaowajua, ukiwatajia kituo, saa na kitambulisho cha kwenda nacho.

Kinachowaangusha vijana mara nyingi ni kalenda. Katika nchi nyingi daftari la wapiga kura hufungwa wiki au miezi kabla ya kura, ilhali mitandao hupamba moto wiki za mwisho. Aliyehama kwa ajili ya masomo au kazi naye hugundua siku yenyewe kwamba jina lake liko alikotoka. Kampeni ya kujiandikisha na kuhamisha kituo ianze wakati hakuna anayezungumzia uchaguzi. Haina msisimko, lakini hapo ndipo kura zinapopatikana.

Dhana: Hashtegi ikivuma, serikali imesikia.

Imesikia, pengine. Kujibu ni jambo jingine, na hujibu pale sheria inapoilazimisha au presha inapoibana. Ndiyo maana anayejua kazi hii huuliza kwanza: nani ana mamlaka juu ya jambo hili, na mwisho wa kupokea maoni ni lini?

Ombi la mtandaoni kwa Bunge la Uingereza ni mfano mzuri. Mwanzilishi hutafuta watu watano wa kumuunga mkono, kisha ombi likikubaliwa hukaa wazi miezi 6. Likifika saini 10,000, serikali hujibu kwa maandishi. Likifika 100,000, hufikiriwa kupelekwa kwenye mjadala. Taiwan wana utaratibu wao: saini 5,000 ndani ya siku 60, na wizara husika inatakiwa kutoa jibu. Umoja wa Ulaya hutaka saini milioni moja, zenye idadi ya chini iliyowekwa katika angalau nchi 7. Maombi hukwama kwa mambo madogo: kuomba jambo lililo nje ya mamlaka ya chombo hicho, kurudia ombi ambalo tayari lipo, au watu kuweka saini bila kubofya kiungo cha uthibitisho kwenye barua pepe, hivyo wasihesabiwe. Na saini nyingi si ushindi. Mwaka 2019 ombi la kuitaka Uingereza isijitoe Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 6, likajadiliwa, na serikali ikakataa.

Maoni juu ya muswada nayo yana namna yake. Andika jina la muswada, namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayotaka yawekwe badala yake, na sababu. Ukurasa mmoja unatosha. "Tunaupinga muswada wote" humpa mwandishi wa ripoti ya kamati sentensi moja tu, na barua elfu zilizonakiliwa neno kwa neno huweza kuchukuliwa kama hoja moja.

Kenya mwaka 2024 inatajwa sana kama ushindi wa hashtegi. Vijana walifanya zaidi ya hapo: waliuchambua Muswada wa Fedha, wakaueleza kwa lugha za watu, wakawapigia simu wabunge wao, wakaingia barabarani, na wengine wakapoteza maisha. Rais alitangaza tarehe 26 Juni kwamba hatautia saini.

Dhana: Kura ingepigwa kwa intaneti, vijana wangefurika.

Estonia wanapiga hivyo tangu 2005. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za ubunge zilipigwa mtandaoni, lakini waliojitokeza kwa jumla walibaki kama asilimia 63, karibu sawa na chaguzi zilizotangulia. Urahisi huwasaidia zaidi wale waliokwisha kuamua kupiga kura.

Dhana: Kinachovuma ndicho wengi wanachotaka.

Kuvuma hununuliwa. Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ya Romania ilifuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais baada ya kuwepo taarifa za kampeni iliyoratibiwa kwa siri, hasa kwenye TikTok. Kabla ya kusambaza kitu, zitazame akaunti tano au sita zinazokisukuma. Zikiwa zimefunguliwa wiki moja, zinatumia sentensi ileile na hazina lolote jingine la maisha, waachie wenyewe.

Dhana: Jina bandia linanificha.

Linakuficha kwa wasiokutafuta. Kwenye kundi la WhatsApp wenzako huweza kuona namba yako, na namba iliyosajiliwa ina jina. Usimbaji, yaani kuufumba ujumbe usisomwe na wengine, huulinda ukiwa njiani. Haumzuii mwanakundi kupiga picha ya skrini, hata kama ujumbe umewekwa ujifute. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na simu uifunge kwa namba ndefu badala ya alama ya kidole, kwa sababu kidole kinaweza kushikwa na kubandikwa kwa nguvu.

Picha za maandamano zina mtego wake. Ukizituma WhatsApp kama picha za kawaida, taarifa za mahali zilipopigwa huondolewa. Ukizituma kama faili ili zisipoteze ubora, taarifa hizo huenda nazo. Zima kwanza kumbukumbu ya mahali kwenye kamera. Nyuso nazo zizibe kwa rangi nzito isiyopenya, maana ukungu mwepesi unaweza kuacha sura ikitambulika.