CRC error kwenye poti ya rauta maana yake nini, na kwa nini taa ya kijani haitoshi

Taa inawaka kijani, waya umechomekwa mpaka umelia "ta", ping (kale kaujumbe kadogo ka kujaribu kama kifaa cha pili kinajibu) inaenda vizuri tu, ila intaneti inajivuta, simu za video zinakatikakatika na kafaili kadogo kanachukua dakika kumi. Hapo wengi tunazima rauta tunawasha, ikigoma tunairiset, ikigoma tena tunaenda dukani kununua mpya. Jamani kabla hujatoa hela yako ingia kwanza kwenye rauta uangalie namba ya CRC kwenye hiyo poti.

Sasa CRC ni nini. Data kwenye waya wa etheneti haimiminiki tu kama maji, inakatwa vipande vinaitwa fremu, na fremu ya kawaida haizidi baiti 1518. Kifaa kinachotuma kinapiga hesabu ya kila kilichomo ndani ya fremu, jibu lake linakaa kwenye baiti 4 za mwisho. Anayepokea anapiga hesabu ileile upya, majibu yakilingana anapokea, yasipolingana anajua njiani kitu kimeharibika. Hesabu hiyo ndo CRC, na kutolingana huko ndo CRC error. Ni kama unatuma boksi kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar umeandika juu "parachichi 40", wa Dar akifungua akahesabu 38 anajua boksi limeguswa. Tofauti ni kwamba rauta haichukui zile 38, inatupa boksi zima, tena kimya kimya bila kumwambia aliyetuma. Programu iliyotuma inakuja kugundua yenyewe baadaye kwamba kipande hakikufika, inatuma tena na inapunguza mwendo, ndo maana unaona slow wakati link iko juu. Kwenye simu ya video hakuna muda wa kutuma tena kwahiyo unasikia sauti inaruka.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mimi naona ndo muhimu kuliko vyote, hii error inahesabiwa na anayepokea. Rauta ikionyesha CRC inapanda maana yake fremu zimeifikia zikiwa zimeharibika tayari, kwahiyo mara nyingi shida iko kwenye waya au upande wa pili, rauta yenyewe inakupa taarifa tu. Na rauta ikionyesha sifuri usishangilie haraka, nenda kaangalie na swichi (kile kifaa cha kugawa mtandao kilichoko upande wa pili wa waya) kwa sababu inawezekana fremu zinaharibika zikielekea kule.

Kwenye Cisco unaandika show interfaces, kwenye MikroTik fungua ile poti ndani ya Winbox, ile programu ya kuingilia kwenye MikroTik, utakuta Rx FCS Error, ni kitu kilekile. Namba peke yake isikutishe, error 300 zilizojikusanya mwaka mzima si sawa na 300 za dakika tano. Futa kaunta, acha watu wafanye kazi kidogo halafu rudi uangalie, waya mzima unatakiwa ubaki sifuri au karibu na sifuri.

Niliwahi kuhangaika siku mbili kwenye ofisi moja, tester inawasha taa zote 8 kwa mpangilio, moja mpaka nane, na CRC inapanda tu. Kumbe aliyekrimpu, yaani aliyefunga vichwa vya waya, alipanga nyaya jozi kwa jozi, machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, na upande wa pili akafanya hivyohivyo. Tester ile ya taa inaona kila waya umefika basi inaridhika. Lakini etheneti inataka nyaya zinazokaa namba 3 na namba 6 kwenye kichwa ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, ule msokoto ndo unaozuia kelele za jozi ya jirani, ukiziweka kwenye jozi tofauti msokoto unakosa kazi na waya ukiwa mrefu data inachafuka. Nilikata vichwa vyote viwili nikapanga inavyotakiwa, yaani ile kijani inatengana na katikati yake inakaa bluu, kaunta ikasimama palepale. Na ukiwa hapo angalia pia kama waya umepitishwa bomba moja na waya wa umeme, au umezidi mita 100, au ni ule wa bei rahisi wa aluminiamu iliyopakwa shaba, huo kwenye umbali mrefu unasumbua sana.

Ukibadilisha waya na bado, angalia dupleksi, yaani kama poti inatuma na kupokea kwa wakati mmoja (full) au kwa zamu (half). Mtu akilazimisha upande mmoja uwe 100 full (kasi ya Mbps 100) na mwingine akauacha kwenye auto, yaani ukubaliane wenyewe na mwenzake, ule wa auto haupati jibu la makubaliano unajiweka half. Hapo mmoja anaongea muda wowote na mwenzake anasubiri zamu, upande wa full utaona CRC, upande wa half utaona late collision (fremu kugongana kwa kuchelewa), na ping ya kawaida itapita bila shida kwa sababu ni ndogo, mateso yanaanza watu wakianza kudownload. Weka auto pande zote mbili, na kama ni gigabit ya waya wa shaba hiyo auto ni lazima.

Ikibaki palepale hamisha waya ule ule kwenye poti nyingine ya rauta, halafu na ya swichi, moja moja usihamishe zote kwa pamoja. Error zikipotea ulipohamisha, poti uliyoiacha ndo imekufa, na rauta yako unaweza kuendelea kuitumia kwa poti zilizobaki.