Kitenzi kisokaida cha Kifaransa ni kipi?

Kijana wa Moshi anayejiandaa kuwapandisha wageni Kilimanjaro huanza na "parler", yaani kusema: je parle, nous parlons. Anakishika upesi. Halafu anafika kwenye "aller", kwenda, anafuata njia ileile na kusema "j'alle". Mgeni pale lango la Marangu atamwelewa, lakini Mfaransa husema "je vais". Hicho ndicho kitenzi kisokaida: shina lake hugeuka bila kufuata kanuni ya wenzake.

Sisi pia tunavyo. Ukiamuru, "kusoma" hutoa "soma", lakini "kuja" hutoa "njoo", "kwenda" hutoa "nenda", na "kuleta" hutoa "lete". Hakuna mama anayemkalisha mtoto kumfundisha kanuni ya "njoo". Mtoto ameisikia tangu hajaanza kutembea, na chanzo cha usokaida kiko hapohapo. Umbo linalotamkwa kila siku halisahauliki, kwa hiyo hubaki na ukale wake. Lile la nadra likishasahaulika, watu hulitungia jingine linalofuata kanuni. Ndiyo maana visokaida vya Kifaransa ni vile usivyoweza kuvikwepa: être (kuwa), avoir (kuwa na), aller, faire (kufanya). Na "je vais" na "j'irai" (nitakwenda) havifanani kwa sababu vimetoka kwenye vitenzi viwili tofauti vya Kilatini, vadere na ire, vilivyounganishwa kuwa kimoja.

Kwa maoni yangu, shina si gumu kama njeo, yaani wakati ambao kitenzi huonyesha. "J'ai mangé" huweza kuwa "nilikula" au "nimekula". Kifaransa cha mazungumzo hakitenganishi -li- na -me- kama sisi. Kinachotenganisha ni jambo lililokamilika na lile lililokuwa likiendelea au likirudiwa: "je mangeais", nilikuwa nakula. Msemaji wa Kiswahili aanzie hapo, maana "nilikuwa na-" anayo tayari kichwani.

Tena njeo hiyo ya "je mangeais" ina huruma. Chukua umbo la "nous" (sisi) la wakati uliopo, ondoa -ons, weka -ais: nous buvons (tunakunywa), je buvais; nous faisons (tunafanya), je faisais. Hata visokaida hutii. Kati ya vitenzi vyote vyenye umbo la "nous", kinachokataa ni être peke yake: nous sommes, lakini j'étais.