Tandiko la Sultani kwa Malkia wa Urusi

Mwaka 1775 Sultani Abdulhamid wa Kwanza wa Dola ya Uthmania, yaani Uturuki ya kale yenye makao Istanbul, alimpelekea Catherine wa Pili, malkia wa Urusi, seti nzima ya vifaa vya farasi: tandiko, hatamu, mkanda wa kifuani na vikuku vya kukanyagia, vyote vimejaa dhahabu na vito. Vifaa hivyo vingalipo Moscow, katika Oruzheynaya Palata, jumba la hazina ndani ya Kremlin.

Mimi kazi yangu ni kutunza ngozi na nguo za kale, na kila nikitaja tandiko hili naulizwa jambo lile lile: kwa kuwa aliyepewa ni mwanamke, je, ni tandiko la kukalia upande? Si hivyo. Tandiko la kukalia upande linajulikana kwa pembe iliyosimama mbele ya kiti. Mpandaji anapitisha mguu wa kulia juu ya pembe hiyo, miguu yote miwili inaelekea kushoto, na kikuku ni kimoja tu. Tandiko la Kituruki halina pembe. Ni mbao iliyochongwa, ukingo wa mbele na wa nyuma umeinuka, katikati kuna kiti chembamba, na vikuku ni viwili, vyenye sahani pana ya kukanyagia ambayo ncha zake humchoma farasi ubavuni aongeze mwendo. Huwezi kulikalia ila kwa kutanua miguu.

Basi Istanbul walimkosea adabu bibi huyu? Hata kidogo. Kwanza, Catherine alikuwa hodari wa kupanda kiume. Katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe anasimulia kwamba alipokuwa bado mke wa mrithi wa kiti cha enzi, Malkia Elizabeth, aliyeitawala Urusi wakati huo, alimkataza kutanua miguu juu ya farasi, akiamini ndiko kunakomzuia kushika mimba. Catherine akajitengenezea tandiko la kugeuzwa: mbele ya Elizabeth anakaa upande, akishapotea machoni pake anavusha mguu na kuendelea na safari yake. Na mwaka 1762, siku alipompindua mumewe, alitoka St Petersburg akiongoza jeshi, amevaa sare za kiume. Mchoraji Vigilius Eriksen alimchora hivyo hivyo, mguu huku na mguu huku.

Lakini mafundi wa Sultani sidhani kama hayo yaliwashughulisha. Tandiko halikukatwa kwa kipimo cha mtu. Lilikatwa kwa kipimo cha cheo.

Katika Dola ya Uthmania farasi aliyevishwa kikamilifu alikuwa na lugha yake. Mtawala wa Transylvania, nchi ya Ulaya iliyo leo ndani ya Romania, aliyekuwa chini ya Sultani, alipotawazwa alipelekewa joho, bendera, upanga na farasi mwenye tandiko la fahari. Hapo mkubwa anampa mdogo, na mdogo akipokea amekubali udogo wake. Balozi mgeni alipokwenda kuonana na Sultani, zizi la kasri lilimwazima farasi aliyepambwa, apite naye mjini watu wamwone. Vifaa vya namna hiyo vilikuwa na hazina yake kando ya mazizi ya Topkapı, kasri la Sultani Istanbul, mbali na hazina nyingine.

Sasa soma zawadi ya 1775 kwa macho hayo. Mwaka uliotangulia, kwa mkataba wa Küçük Kaynarca uliomaliza vita vyake na Urusi, Sultani alikuwa ameipoteza Crimea na kukubali kulipa fidia ya ruble milioni 4.5. Mkataba huo huo ulizitaka pande mbili zipelekeane mabalozi wakubwa wenye zawadi, kwa heshima iliyo sawa. Ukishindwa vitani unaweza kutoa fedha kwa sababu umelazimishwa. Tandiko unalitoa kwa namna uliyozoea siku zote, na anayetazama kwa mbali hawezi kujua nani alishinda. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ustadi wa zawadi hii, kuliko hata katika almasi.

Ufundi wenyewe nao usipitwe. Istanbul ilikuwa na mtaa mzima wa watengenezaji matandiko, Saraçhane, na jina hilo halijafutika hadi leo. Mbao huvikwa mahameli, na juu yake hutariziwa nyuzi za zari. Uzi wa zari ukiutazama kwa lenzi utaona si dhahabu tupu: ni hariri iliyozungushiwa utepe mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu, ndiyo maana zari ya zamani huwa nyeusi, fedha ya chini inapochomoza. Kwenye vifaa visivyo vya daraja la juu kabisa, vikuku na mapambo yalikuwa shaba nyekundu iliyopakwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki, kisha ikapitishwa motoni zebaki iruke. Moshi wake ni sumu. Mafundi waliulipia kwa afya zao.

Sisi wa pwani tuna kisa kinachokaribiana. Mwaka 1840 Sayyid Said alimtuma Ahmad bin Naaman hadi New York kwa meli ya Sultana, na miongoni mwa zawadi alizopelekewa Rais Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais akasema sheria haimruhusu kupokea kwa nafsi yake. Bunge likaingilia, zawadi zikapokewa kwa jina la nchi, na farasi wakapigwa mnada. Kwa Wamarekani zawadi ya mfalme ilikuwa tatizo la sheria. Kule Moscow zawadi ya namna hiyo iliwekwa hazinani.

Vita kati ya Urusi na Uthmania vilirudi, mkataba mwingine ukatiwa saini katika mji wa Jassy mwaka 1792, na mwaka uliofuata Sultani Selim wa Tatu naye akapeleka vifaa vya farasi kwa Catherine yule yule, aliyekuwa ameshavuka miaka 60. Kwa mara nyingine, tandiko la vikuku viwili.

Ukibahatika kusimama mbele ya kabati lenye kitu cha aina hii, vito viache kwanza. Tafuta pembe ya mbele, uhesabu vikuku, kisha uiname utazame upande wa chini, pale mkanda wa tumbo unapofungwa. Tandiko lililotumika lina doa la jasho la farasi na ngozi iliyosuguliwa ikang'aa. La sherehe, ngozi yake ya chini mara nyingi iko kama ilivyotoka kwa fundi.