Mbweha Mnene Naye Ana Minyoo

Mwezi huu nimeletewa tena mzoga wa mbweha mwekundu aliyegongwa na gari, na aliyeuleta akanihakikishia, kama walivyofanya wengi kabla yake, kwamba mnyama mnene namna ile, mwenye manyoya yanayong'aa, hawezi kuwa na minyoo. Baada ya mzoga kukaa siku kadhaa katika nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa kuwa friza ya kawaida, ya nyuzi 20 chini ya sifuri, haiyaui mayai ya minyoo ninayoyahofia, niliupasua utumbo mwembamba, na ukuta wake ulikuwa umejaa mategu, yaani minyoo bapa ya utumboni.

Mbweha aliyenyonyoka manyoya kwa kawaida ana upele, na upele huletwa na utitiri. Minyoo ya duara na ya safura huweza kweli kuwadhoofisha watoto wa mbweha. Lakini tegu ninayemzungumzia, Echinococcus multilocularis, hafiki hata milimita 5, naye huishi kwa maelfu ndani ya mbweha mmoja bila kumwondolea nguvu. Tegu aliyekomaa anahitaji mbweha atembee, awinde na kusambaza kinyesi chenye mayai. Madhara humpata anayeyameza mayai hayo: panya wadogo wa malishoni, na mara chache binadamu, ambaye ini lake huvamiwa na buu linalokua kama saratani, mara nyingi kwa miaka 5 hadi 15 kabla ya dalili kujitokeza. Kwa hiyo unene wa mbweha haumhakikishii usalama mtu anayemshika bila glavu.

Kazi yangu nayo ina mipaka. Mayai ya tegu huyu hayatofautiki kwa hadubini na ya mategu wengine wa jamii ya Taenia, na katika takriban wiki 4 za kwanza mbweha aliyeambukizwa hatoi yai lolote. Hata utumbo ninapouosha na kuacha mashapo yatuame, huhesabu sehemu tu kisha nikakadiria jumla. Ninapoandika "hakuna", maana yake ni kwamba sikuona. Wastani nao hupotosha, kwa sababu mbweha wachache ndio hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote.

Kinachoniudhi zaidi ni pendekezo linalofuata: basi wauawe. Karibu na Nancy, Ufaransa, mbweha waliwindwa kwa bidii kwa miaka 4, na kiwango cha maambukizi kikapanda kutoka asilimia 40 hadi 55. Inaelekea mbweha vijana, ambao hubeba mategu wengi, walihamia kwenye maeneo yaliyoachwa wazi. Chambo chenye prazikwanteli, dawa ya kuua mategu, hupunguza maambukizi, ila ni lazima kitawanywe tena na tena, kwa kuwa dawa huua mategu waliomo utumboni siku hiyo, haiyaui mayai yaliyokwisha kutoka, wala haimkingi mbweha dhidi ya panya mwenye mabuu ya tegu atakayemla kesho.