Kijana Anapomjeruhi Mwenzake: Kabla Hatujailaumu Simu

Katika vikao vya wazazi ninavyoalikwa kuzungumza kwenye kata za wilaya za Nyamagana na Ilemela, hapa Mwanza, swali moja halikosekani. Huulizwa na mama mwenye genge la mboga, huulizwa na mwenyekiti wa mtaa, na safari nyingine huulizwa na askari polisi wa kata aliyekuja kutusikiliza: "Hawa vijana wametokea wapi?" Kijana amemchoma mwenzake bisibisi kwa ugomvi wa mpira, kundi la wanafunzi limemvizia mwanafunzi wa shule ya jirani njiani, na mtaa mzima haulali. Kabla sijafungua mdomo, majibu huwa yameshatolewa. Ni simu. Ni filamu za mapigano kwenye vibanda umiza. Ni bangi, ni kubeti, ni akina mama wanaolea peke yao, ni watu wa haki za watoto waliowanyang'anya wazazi fimbo.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa taarifa za kijamii za watoto wanaofikishwa mahakamani, yaani kueleza mtoto huyu anaishi na nani, anakula nini, amepitia nini. Kazi hiyo imenifundisha kuwa mwangalifu na majibu ya haraka, kwa kuwa karibu kila jibu katika orodha ile lina chembe ya ukweli, na karibu kila moja hutumika kufunika jambo kubwa zaidi.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike. Kijana wa miaka kumi na mitano, mbebaji wa ndoo za dagaa mwaloni, alimpiga mwenzake na kipande cha nondo akamvunja mkono. Bibi yake ndiye aliyemleta ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, na hata kabla hajakaa vizuri akasema, "Mjukuu wangu, hii simu ndiyo imemharibu. Usiku kucha anaangalia watu wanachinjana." Niliiomba ile simu. Kioo kilikuwa kimepasuka, na kweli filamu zilikuwamo. Nilipomuuliza kijana sababu ya kumpiga mwenzake, alijibu kwa sauti ya chini kwamba alitukaniwa mama mbele ya watu. Kisha alipokunja mkono wa shati ili aweke sahihi, niliona alama ndefu iliyopinda kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, alama ya waya wa pasi. Bibi aliona ninapoangalia, akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeelezea kovu la chanjo, "Hiyo ni ya mjomba wake, alikuwa anamnyoosha."

Tulitumia nusu saa kuzungumzia simu. Kuhusu waya, hakuna aliyeona kwamba pana la kuzungumza.

Mjadala wa nini kilaumiwe haukuanzia kwetu. Mwaka 1907 jiji la Chicago lilitunga sheria ya kukagua filamu, kwa hofu kwamba zilikuwa zikiwafundisha vijana uhalifu. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani ilikaa New York kusikiliza hoja kwamba vijana wanaharibiwa na vitabu vya katuni. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Columbine, jimboni Colorado, waliwaua kwa risasi wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja kisha wakajiua, na lawama nyingi zikaelekezwa kwenye michezo ya kompyuta na muziki waliodhaniwa kuupenda. Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo, idadi ya watoto waliokamatwa kwa makosa ya ukatili ilikuwa imefikia kilele katikati ya miaka ya 1990 na kuanza kushuka, ikaendelea kushuka kwa miaka mingi wakati michezo hiyo ikizidi kuenea majumbani. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ufafanuzi ambao naona ni wa haki: kuna uhusiano mdogo kati ya michezo ya mapigano na tabia kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema kwamba michezo hiyo ndiyo inayosababisha ukatili wenyewe.

Sisemi kwamba mtoto aangalie chochote. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, na watoto hao walipoachwa chumbani na mwanasesere wa aina ile walirudia mapigo na hata maneno waliyoyasikia. Miaka miwili baadaye alionyesha kwamba hata kwa filamu watoto huiga. Wanaolaumu filamu hupenda kumtaja, nami nakubaliana nao hadi hapo. Lakini tusisahau kwamba katika jaribio la kwanza hapakuwa na skrini. Palikuwa na mtu mzima, hai, ndani ya chumba kimoja na mtoto.

Na sasa tutazame vyumba vyetu. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 nchini kote. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mtu mzima au mpenzi kabla ya kutimiza miaka 18, na ukatili uliopimwa pale ni kupigwa ngumi, kuchapwa, kupigwa mateke au kutishiwa kwa silaha. Uchunguzi mwingine mdogo uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, uligundua kwamba karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa nyumbani na shuleni, na kwamba waliochapwa zaidi nyumbani ndio walioonyesha ukorofi zaidi na moyo mdogo wa kuwasaidia wenzao. Mzazi makini ataniuliza, na huwa ananiuliza: je, si kwa sababu mtoto mkorofi ndiye anayechapwa sana? Ni kweli, mambo hayo mawili huchocheana. Ndiyo maana tafiti zinazowafuatilia watoto wale wale mwaka hadi mwaka zina thamani kubwa, nazo zimeonyesha kwamba hata ukizingatia utundu aliokuwa nao mtoto tangu mwanzo, kipigo hutangulia ukorofi unaoongezeka baadaye. Fimbo huzima kelele za leo, kwa hiyo huonekana imefanya kazi.

Kipo pia kipigo cha hadharani. Mtu akiitiwa mwizi karibu na stendi au sokoni, mawe huokotwa, na safari nyingine tairi huletwa. Vyombo vya habari huandika "wananchi wenye hasira kali", lakini mara chache huandika walioutazama umati ule wakiwa wamepanda juu ya tofali ili waone vizuri. Ni watoto wetu. Wanachokiona pale ni baba wa rafiki yao, fundi baiskeli wao, muuza maji wao, wakimpiga mtu aliyekwisha kuanguka, na jioni wanawasikia wakisimulia kwa fahari. Filamu huisha na taa zikawaka, na mtoto anajua fika kwamba wale ni waigizaji.

Hapa Kanda ya Ziwa tunaijua gharama ya kutafuta mchawi. Bibi zetu wengi waliuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na macho yale yalikuwa yamewashwa miaka nenda rudi na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, katika jiko walilowapikia watu wa familia zile zile zilizowashuku. Kila ninaposikia kikao kizima kikikubaliana kwa makofi kwamba mkosaji ni kitu kimoja, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekileta, hupata wasiwasi.

Yapo mengine yanayochangia, na hayana uzito sawa. Umri wenyewe ni mmojawapo. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, ilhali hisia za balehe huja mapema na kwa nguvu. Kijana anayekupokea mzigo vizuri akiwa peke yake anaweza kufanya jambo la kutisha wenzake watatu wakimtazama, kwa sababu katika umri huo aibu mbele ya rika huuma kuliko maumivu ya mwili. Mwaka 1993 mtafiti Terrie Moffitt alieleza kwamba wengi wa vijana wanaovunja sheria huacha wanapoingia utu uzima, na wachache tu ndio wanaoendelea. Hilo ni jambo la matumaini makubwa, nami huliwasilisha mahakamani kila ninapopata nafasi. Pombe nayo si ya kupuuzwa, kwa sababu hulegeza kizuizi kile kile ambacho bado hakijakaza. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kinywaji cha bei ya chini kilichoingia katika mfuko wa sare ya shule kiliondolewa madukani, na hatua ya namna hiyo ina maana kuliko hotuba kumi kuhusu maadili. Umaskini huongeza mzigo, lakini vijana wengi maskini wa Igogo na Mabatini hawajawahi kumgusa mtu. Kuhusu akina mama wanaolea peke yao, nasema wazi kwamba lawama hiyo si ya haki: wengi wao ndio wanaokuja ofisini kwangu mapema, wakati mambo bado yanarekebishika.

Watu wazima wakitaka kuitetea fimbo hutumia methali ya samaki mkunje angali mbichi. Ningewaomba wakazi wa ufukweni waikumbuke kazi yenyewe. Mama anayebanika kambale humchukua akiwa bado mlaini, humpinda taratibu kwa mikono miwili hadi mkia ufike mdomoni, akaupachika, kisha akampanga juu ya kichanja. Akitumia nguvu, nyama huchanika na samaki hapati bei. Sijawahi kumwona mbanikaji anayempiga samaki ili ajikunje.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, na inaeleza kwamba hakuna namna ya kumrekebisha mtoto inayohalalika ikizidi kiasi kulingana na umri na hali yake. Sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Shuleni bado kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi 4, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Jirani zetu wa Kenya waliviondoa mwaka 2001, nami naamini wakati wetu wa kuviondoa umefika.

Mjomba wa yule kijana alikuja wiki iliyofuata, mtu mrefu, mpole, mikono ikinukia dizeli ya mashine ya boti. Aliniuliza swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni: "Sasa nisipompiga, nifanye nini?" Nilimheshimu kwa kuuliza, na tulizungumza kwa muda mrefu. Tulikubaliana kwamba hasira zikipanda aondoke kwanza, ndipo arudi kuzungumza. Kwamba kosa lifuatwe na jambo linalolihusu, kama kulipa kilichoharibika kutokana na ujira wake. Kwamba amuulize kijana jioni moja moja amepita wapi, hata pale ambapo hakuna kosa. Na kwamba saa za kati ya kumaliza kazi na kulala awe na mahali pa kuwa, kwa sababu ndizo saa ambazo ugomvi wa kijiweni huzaliwa. Nilimpa namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo haina malipo, nikamweleza kwamba hata mzazi anaruhusiwa kuipiga, na kwamba palipo na ukatili wanaweza kwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Gharama za matibabu ya yule aliyevunjwa mkono, familia iliamua kuzilipa kidogo kidogo, na kijana mwenyewe akachangia.

Walipokuja mara ya tatu walikuja wawili. Mjomba alisimulia kwamba wiki ile ndoo mbili za dagaa zilikuwa zimepotea, akahisi mkono unamwasha, akatoka, akaenda kukaa ndani ya mtumbwi hadi alipotulia, kisha akarudi wakahesabu pamoja. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliinua macho pale tu mjomba aliposema kwamba ndoo hazikuwa zimepotea, na kwamba aliyekosea kuhesabu alikuwa yeye mwenyewe.