Kunyimwa kazi kisa ugonjwa: lini ni ubaguzi na lini sio

Umefanya intavyu ukapita, ukapigiwa simu ukaambiwa karibu sana, bado kupima afya tu. Ukapima. Baada ya hapo kimya, ukiuliza unaambiwa nafasi imeshajaa. Sasa kama kilichobadilika hapo ni karatasi ya daktari tu, manake uwezo wako ni uleule wa juzi, hapo kuna harufu ya ubaguzi wa ulemavu kwenye ajira, hata kama mwenyewe hujawahi kujiita mlemavu.

Hapo ndo wengi wanachanganya, wakisikia ulemavu wanawaza kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe basi. Kwenye sheria za nchi nyingi neno ni pana, kifafa, kisukari, sonona, hata saratani iliyokwisha kutibiwa vinaweza kuingia. Sheria ya Marekani ya 1990 ya watu wenye ulemavu inamlinda mpaka mtu asiye na ulemavu wowote ila bosi kajiaminisha kwamba anao, na mi naona hapo walifikiria mbali, manake shida mara nyingi iko kichwani kwa anayeajiri.

Kesi ninayoipenda kwa hili ni ya Hoffmann, Afrika Kusini. Jamaa aliomba kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege za South African Airways mwaka 1996, akapita mchujo wote, akaonekana anafaa, kisha damu ikaonyesha ana VVU, basi ripoti iliyokuwa inasema anafaa ikabadilishwa ikawa hafai. Kampuni ikajitetea kwamba chanjo ya homa ya manjano itamletea shida, kwamba anaweza kuambukiza abiria magonjwa atakayoyapata kinga ikishuka, na eti hataishi muda wa kutosha kurudisha gharama za mafunzo (ndio, walisema hivyo mahakamani). Alishindwa Mahakama Kuu, akashinda Mahakama ya Katiba mwaka 2000 na ikaamriwa aajiriwe, kwa sababu ushahidi wa madaktari ulionyesha mtu mwenye VVU ambaye kinga yake bado iko vizuri anaiweza ile kazi. Halafu cha kushangaza, wahudumu waliokuwa kazini tayari hawakuwa wanapimwa.

Sio kila kukataliwa ni kuonewa lakini. Mtu anaanguka kifafa mara kwa mara akinyimwa kuendesha basi, hapo ni usalama wa watu. Huyohuyo akinyimwa uhasibu ndo ujiulize, kifafa na vitabu vya hesabu vinahusiana nini? Mwajiri anatakiwa aangalie kazi yenyewe, hali ya huyu mtu ilivyo leo, na kama kuna kitu kidogo cha kurekebisha, mfano mwenye kisukari kupewa dakika chache apime sukari na ale kitu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho ya hivyo nako ni ubaguzi, mradi hayamwelemei mwajiri kupita kiasi.

Swali nalo lina wakati wake. Marekani kabla ya kutoa ofa unaruhusiwa kuuliza "unaweza kunyanyua mzigo wa kilo 20?" ila sio "uliwahi kufanyiwa operesheni ya mgongo?" Vipimo vinakuja baada ya ofa, tena wapimwe wote wanaoingia kwenye kazi hiyo, sio yule tu uliyemwona anachechemea. Faida yake ni kwamba ofa ikifutwa baada ya kipimo, ile hadithi ya nafasi imejaa inakuwa ngumu kuiuza.